Usafi wa gari la umeme huanzia kwenye mtambo wa kuzalisha umeme

RAIS William Ruto alizindua rasmi mradi wa pikipiki za umeme mjini Mombasa mnamo Septemba 1, 2023, siku chache kabla ya viongozi wa Afrika kukutana Nairobi kujadili mabadiliko ya tabianchi. Tangu hapo wahudumu wa bodaboda na tuktuk katika kaunti hiyo, wakiwemo wa Timbwani na wadi nyingine nne za eneo bunge la Likoni, wamekuwa wakielezwa faida mbili za kuachana na petroli.

Ya kwanza ni ya mfukoni: kwamba umeme ni nafuu kuliko mafuta. Hiyo mhudumu aweza kuithibitisha mwenyewe jioni anapohesabu mapato yake. Ya pili ni ya dunia nzima: kwamba chombo cha umeme hakiongezi joto duniani. Hii haionekani kwa macho, na ndiyo inayohitaji kuelezwa kwa kina.

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Pikipiki isiyo na ekzosi haitoi moshi mbele ya abiria, lakini umeme uliomo ndani ya betri yake umezalishwa mahali fulani, kwa kitu fulani. Ikiwa kitu hicho ni mvuke wa ardhini, chombo ni safi kwelikweli. Ikiwa ni makaa ya mawe, au jenereta ya dizeli iliyo nyuma ya duka, moshi haukuondoka. Umehama tu.

Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, umeme unaofika Likoni unatoka wapi, na kwa nini saa ya kuchaji ina uzito wake katika jambo hili.

Hesabu ya petroli

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ya ukaa, ambayo ndiyo gesi kuu inayoongeza joto duniani. Lita ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7. Kiasi hiki hakibadiliki kwa ustadi wa dereva wala upya wa injini. Linalobadilika ni idadi ya lita zinazotumika.

Isitoshe, petroli huanza kuchafua kabla haijafika kwenye tangi. Mafuta ghafi huchimbwa, husafirishwa na kusafishwa, na kila hatua hula kawi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisitisha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu wakati huo Kenya huagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo na kuteremshwa Kipevu. Hivyo basi, hatua hizo zote hufanyika mbali na macho yetu. Wataalamu huongeza takribani asilimia 20 juu ya kile kinachotoka kwenye ekzosi ili kuzijumlisha.

Tuchukue gari dogo linalotumia lita 8 kwa kilomita 100. Ekzosi yake itatoa zaidi ya kilo 18 za hewa ya ukaa, na tukiongeza hatua za nyuma, jumla yake ni kama kilo 22. Pikipiki inayotumia lita mbili na nusu kwa umbali huohuo itatoa karibu kilo 7.

Hesabu ya umeme

Gari la umeme la ukubwa uo huo hutumia takribani yuniti 20 kwa kilomita 100, yaani zile yuniti tunazonunua kwa tokeni. Pikipiki ya umeme hutumia kama yuniti 4. Swali ni moja tu: kila yuniti ilizalishwa kwa kutoa gramu ngapi za hewa ya ukaa?

Jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilichapisha makadirio ya wastani mwaka 2014 ambayo yangali yanatumika sana. Makadirio hayo hayaangalii moshi wa dohani pekee. Yanajumlisha pia ujenzi wa mtambo, uchimbaji wa mafuta yake na kufungwa kwake mwishoni.

Kwa mujibu wa makadirio hayo, yuniti moja ya umeme wa makaa ya mawe hutoa gramu 820. Ya gesi asilia hutoa gramu 490. Ya mitambo mikubwa ya jua hutoa gramu 48, ya mvuke wa ardhini 38, ya maji 24 na ya upepo 11. Mitambo inayochoma mafuta mazito au dizeli, kama ile ya Pwani, kwa kawaida huwa kati ya makaa na gesi, takribani gramu 700.

Tukikadiria kuwa yuniti 10 kati ya kila 100 hupotea katika nyaya na transfoma kabla ya kufika kwenye soketi, picha inakuwa hivi kwa gari letu la yuniti 20. Likichajiwa kwa umeme wa makaa pekee, litatoa kilo 18 kwa kilomita 100. Kwa umeme wa mafuta mazito, kilo 15 na nusu. Kwa gesi, kilo 11. Kwa jua, kilo moja. Kwa mvuke wa ardhini au maji, chini ya kilo moja. Kwa upepo, robo ya kilo.

Linganisha na zile kilo 22 za petroli. Gari ni lilelile, betri ni ileile na dereva ni yuleyule. Hata hivyo, tofauti kati ya makaa na upepo ni zaidi ya mara 70.

Ni vyema kutaja kwamba wastani huficha mengi. Visima vya mvuke huwa na gesi ya kaboni inayotoka ardhini pamoja na mvuke wenyewe, na kiasi chake hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Kadhalika mabwawa yaliyofunika mimea mingi hutoa gesi inapooza. Lakini tofauti hizo hazitoshi kubadilisha mpangilio: makaa hubaki juu kabisa na upepo chini kabisa.

Deni la betri

Gari la umeme huja likiwa na deni. Utengenezaji wa betri hula kawi nyingi, na kwa makadirio ya kawaida kila yuniti moja ambayo betri inaweza kuhifadhi huwa imegharimu kati ya kilo 60 na 100 za hewa ya ukaa kiwandani. Betri ya gari yenye uwezo wa yuniti 60 huwa imekwisha kutoa takribani tani 5 kabla gari halijatembea hata mita moja.

Deni hilo hulipwa barabarani, kilomita baada ya kilomita, kutokana na petroli ambayo haikuchomwa. Nchi ambayo umeme wake hutoa gramu 100 kwa yuniti, gari letu hutoa kilo 2 kwa kilomita 100 badala ya 22. Linaokoa kilo 20, na deni la tani 5 huisha baada ya kilomita 25,000. Kwa watu wengi huo ni mwendo wa mwaka mmoja au miwili.

Katika nchi inayotegemea makaa pekee, gari hilohilo huokoa chini ya kilo 4 kwa kilomita 100. Deni litaisha baada ya zaidi ya kilomita 130,000. Gari likipata ajali au betri ikichoka kabla ya hapo, dunia itakuwa imepata hasara.

Kwa bodaboda, hesabu ni nzuri zaidi. Betri yake ni ndogo, tuseme ya yuniti 3, na deni lake ni kama kilo 240. Kwa umeme wa gramu 100, pikipiki huokoa kilo 6 na nusu kila kilomita 100. Mhudumu anayesafiri kilomita 100 kwa siku hulimaliza deni hilo kwa muda usiozidi siku 40. Hii ndiyo sababu wataalamu wengi wa uchukuzi husema kwamba katika miji yetu vyombo vya kazi vifuatwe kwanza, yaani bodaboda, tuktuk, matatu na basi, kabla ya magari ya kibinafsi ambayo hushinda yameegeshwa.

Betri ina hatari nyingine isiyoingia katika hesabu ya hewa ya ukaa, na wakazi wa bara la Mombasa hawahitaji kuelezwa mara mbili. Katika kijiji cha Owino Uhuru, madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yaliwadhuru wenyeji. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni mnamo Julai 2020, na Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo Desemba 2024 baada ya kubatilishwa katika rufaa. Betri za vyombo vingi vipya vya umeme hazitengenezwi kwa risasi. Hata hivyo, funzo linabaki palepale: aliyeleta betri lazima aseme mapema itapelekwa wapi ikichakaa.

Umeme wa Likoni watoka wapi

Kwa miongo mingi Pwani ilikuwa na umeme mchafu kuliko sehemu nyingine za Kenya. Nyaya za zamani kutoka bara hazikuwa na nguvu ya kutosha, na eneo hili lilitegemea mitambo ya mafuta. Mwaka 2001 mtambo wa kampuni ya Tsavo Power wenye megawati 74 ulianza kazi Kipevu. Mwaka 2010 ukafuatia wa Rabai wenye megawati 90, na mwaka 2011 KenGen ikazindua Kipevu III wenye megawati 120. Anayesimama upande wa Mtongwe huiona Kipevu ng'ambo ya maji ya bandari.

Laiti pikipiki za umeme zingelikuja Likoni wakati huo, sehemu kubwa ya betri zao ingejazwa na mafuta mazito yaliyochomwa upande wa pili wa bandari.

Mambo yalibadilika mwaka 2017 ilipokamilika laini kubwa ya umeme kutoka Isinya, kusini mwa Nairobi, hadi Rabai. Laini hiyo ina urefu wa kilomita 482, na kupitia kwayo umeme wa Bonde la Ufa ulianza kufika baharini kwa wingi. Kutoka Rabai, umeme huendelea hadi Pwani Kusini. Mkataba wa Tsavo Power ulimalizika Septemba 2021, na mtambo huo haukuhitajiwa tena.

Je, umeme huo wa bara ni wa namna gani? Takribani asilimia 40 ya umeme unaotumika Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, hususan Olkaria karibu na Naivasha, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1981. Karibu robo hutokana na maji, zaidi katika mabwawa ya Mto Tana kuanzia Masinga hadi Kiambere. Upepo huchangia zaidi ya asilimia 10, na sehemu kubwa yake hutoka kwa vinu 365 vya Ziwa Turkana vyenye megawati 310.

Jua bado ni sehemu ndogo, ingawa Pwani yenyewe ina mtambo wa megawati 40 karibu na Malindi. Tangu Novemba 2022 Kenya hununua pia umeme wa maji kutoka Ethiopia chini ya mkataba wa miaka 25. Mafuta yamebaki na chini ya sehemu moja kwa kumi.

Tukipiga hesabu kwa viwango vya IPCC, mchanganyiko huo hutoa takribani gramu 90 kwa yuniti kwenye mtambo, na kama gramu 100 ukifika kwenye soketi. Ndiyo sababu tulitumia gramu 100 hapo juu. Kwa wastani, basi, gari la umeme linalochajiwa Timbwani hutoa chini ya sehemu moja kwa kumi ya hewa ya ukaa itokanayo na gari la petroli barabarani.

Saa ya kuchaji

Lakini wastani ni wa mwaka mzima, na hakuna anayechaji betri kwa mwaka mzima kwa pamoja. Huchaji saa fulani.

Mitambo ya umeme huitwa kazini kwa zamu. Ya mvuke hufanya kazi usiku na mchana kwa kuwa haifai kuzimwa na kuwashwa ovyo. Upepo huchukuliwa unapovuma. Maji huongezwa na kupunguzwa kulingana na haja. Mitambo ya mafuta, ambayo umeme wake ni ghali, huitwa mwisho, wakati mingine yote haitoshi.

Wakati huo aghalabu ni kati ya saa moja na saa nne usiku. Watu wamerejea nyumbani, taa zimewashwa, televisheni na feni zinafanya kazi. Matumizi ya juu kabisa nchini yalipita megawati 2,300 mapema mwaka 2025, na hutokea katika saa hizo. Anayechomeka betri saa mbili usiku anaongeza mzigo juu ya mzigo, na yuniti ya ziada anayoitaka huenda ikatoka Kipevu au Rabai.

Baada ya saa sita usiku hali hugeuka. Nchi imelala, na mahitaji hushuka sana. Olkaria huwa na mvuke ambao hauna mnunuzi, na kwa miaka mingi sehemu yake imekuwa ikiachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Betri inayochajiwa saa nane usiku hutumia kile ambacho kingepotea.

Tupime tofauti hiyo kwa pikipiki yetu ya yuniti 4. Ikijazwa umeme wa mafuta mazito usiku wa mapema, safari ya kilomita 100 hutoa kama kilo 3. Ikijazwa umeme wa mvuke usiku wa manane, hutoa chini ya gramu 200. Zote mbili ni bora kuliko zile kilo 7 za petroli, ila ya pili huishinda ya kwanza zaidi ya mara 15.

Bei nayo imefuata mantiki hiyo. Ada zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kuanzia Aprili 2023 ziliweka kwa mara ya kwanza kiwango maalumu cha kuchaji vyombo vya umeme: Sh16 kwa yuniti katika saa za kawaida, na Sh8 katika saa za mahitaji madogo, yaani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kodi na tozo nyingine. Nafuu hiyo huhitaji mita iliyosajiliwa kwa kazi hiyo. Mhudumu anayechaji kwa mita ya nyumbani haipati, na hivyo hana sababu ya kifedha ya kungoja hadi usiku wa manane.

Hapo ndipo vituo vya kubadilishana betri vinapopata umuhimu wake. Mhudumu huacha betri tupu na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache, kisha huendelea na kazi. Betri iliyoachwa haina haraka. Mwenye kituo aweza kuichaji usiku wa manane kwa mvuke, au adhuhuri kwa paneli za jua zilizo juu ya paa lake. Akiamua kuchaji betri zote saa moja usiku kwa sababu ya msongamano wa wateja, faida kubwa ya hewa safi hupotea bila mteja kujua.

Umeme unapokatika

Kuna chanzo kingine cha umeme ambacho hakimo katika takwimu za taifa, nacho ni jenereta. Mnamo Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na hitilafu kama hizo zimetokea tena tangu wakati huo. Mbali na hizo, mitaa mingi hukosa umeme kwa saa kadhaa kwa sababu ya nyaya kuukuu au transfoma zilizoelemewa.

Biashara ya kuchaji haiwezi kusimama kila mara umeme unapopotea, na kishawishi cha kuwasha jenereta ni kikubwa. Jenereta ndogo hutumia takribani theluthi moja ya lita ya dizeli kwa yuniti moja. Ukijumlisha na hatua za nyuma za mafuta, yuniti hiyo huwa imetoa zaidi ya kilo moja ya hewa ya ukaa, kuliko hata umeme wa makaa. Gari letu likichajiwa hivyo litatoa kilo 22 kwa kilomita 100. Ni sawasawa na la petroli, na deni la betri halitalipika kamwe.

Kwa hivyo, transfoma nzuri katika mtaa ni sehemu ya vita dhidi ya joto duniani sawa na kisima cha mvuke Olkaria. Kituo chenye paneli za jua na betri za akiba kina manufaa zaidi kuliko chenye jenereta, hata kama vyote viwili vina bango la rangi ya kijani mlangoni.

Usafi waweza kupotea

Umeme safi wa leo si ahadi ya kudumu. Kati ya mwaka 1999 na 2000 mvua zilikosekana, mabwawa yakakauka na Kenya ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Serikali ililazimika kukodisha jenereta za dizeli. Mwaka 2009 ukame ulisababisha kufungwa kwa muda kwa mtambo wa Masinga, na mafuta yakachukua nafasi ya maji kwa mara nyingine. Ukame ukirudi kwa ukali huo, yuniti ya umeme huwa chafu zaidi kwa miezi kadhaa, na chombo cha umeme pamoja nayo. Kukua kwa mvuke na upepo tangu wakati huo kumepunguza hatari hiyo, ila hakujaiondoa.

Tena kuna maamuzi ya binadamu. Mwaka 2013 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40. Miongoni mwa miradi yake ilikuwa mtambo wa gesi wa megawati 700 hapo Dongo Kundu, upande wa Likoni, na mtambo wa makaa ya mawe katika kaunti ya Lamu, ambao baadaye ulipangiwa megawati 1,050. Wa Dongo Kundu haukujengwa. Wa Lamu ulipingwa na wenyeji, na Jopo la Rufaa za Mazingira likafuta leseni yake mnamo Juni 26, 2019 kwa sababu, pamoja na mengine, umma haukushirikishwa ipasavyo.

Tuseme mtambo wa Lamu ungejengwa na kutoa robo ya umeme wa taifa. Kila yuniti ingefika kwenye soketi na gramu 300 badala ya 100. Kila gari la umeme nchini, hata lililonunuliwa kwa nia njema na mtu wa Timbwani asiyewahi kufika Lamu, lingekuwa chafu mara tatu kwa siku moja bila mwenyewe kugusa kitu. Kesi ya Lamu ilihusu bahari, samaki na hewa ya Kwasasi, lakini ilihusu vilevile kila betri nchini.

Majirani na walio mbali

Tanzania kwa miaka mingi ilipata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na kukamilisha mashine zake zote tisa mwaka 2025. Bajaji ya umeme ya Dar es Salaam, kwa hiyo, imekuwa safi kuliko ilivyokuwa miaka michache tu iliyopita, bila chombo chenyewe kubadilishwa.

Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Waya huo ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kwa takribani miezi mitatu na wenye uwezo wakategemea jenereta. Huo ni mfano wa jinsi umeme safi unavyoweza kugeuka dizeli kwa siku moja pale ambapo njia ya kuupitisha ni moja tu.

Uganda hutegemea maji ya Mto Nile, na bwawa lake la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024. Ethiopia, ambayo karibu umeme wake wote ni wa maji, ilipiga marufuku uagizaji wa magari madogo ya petroli na dizeli mwaka huohuo. Hatua kama hiyo ingekuwa na manufaa madogo mno nchini Afrika Kusini, ambako takribani asilimia 80 ya umeme hutokana na makaa ya mawe.

Uchunguzi wa Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi, ICCT, uliochapishwa mwaka 2021 ulipima maisha yote ya magari ya ukubwa wa kati, kuanzia kiwandani hadi kuchakaa. Uligundua kuwa gari la umeme barani Ulaya hutoa hewa chafu pungufu kwa asilimia 66 hadi 69 likilinganishwa na la petroli. Nchini China upungufu ulikuwa asilimia 37 hadi 45, na nchini India, ambako makaa hutawala, ni asilimia 19 hadi 34.

Matokeo hayo yana ujumbe wa pande mbili. Hata India, faida ipo, kwa hivyo si kweli kwamba gari la umeme ni udanganyifu mahali penye makaa. Lakini si kweli vilevile kwamba faida ni ileile kila mahali. Kenya imebahatika kuwa upande ulio bora kuliko Ulaya kwa usafi wa umeme wake, na bahati hiyo ilitokana na visima vilivyochimbwa tangu miaka ya sabini.

Jambo jingine halina budi kusemwa kwa haki. Moshi wa petroli hutoka usawa wa pua ya abiria, kwenye foleni ya feri na kwenye vituo vya matatu. Chombo cha umeme huondoa moshi huo mtaani hata kama umeme umetoka kwa mafuta. Hiyo ni faida ya afya ya watu, na ni tofauti na faida ya tabianchi. Ila wapo wanaoishi karibu na Kipevu pia, na haifai hewa safi ya kivukoni inunuliwe kwa mapafu yao.

Maswali ya kuuliza

Anayetaka kununua chombo cha umeme kwa sababu ya mazingira na aulize mambo manne. Umeme utatoka kwenye gridi, kwenye paneli au kwenye jenereta? Utachajiwa saa ngapi? Chombo kitatembea kilomita za kutosha kulipa deni la betri? Na betri ikichakaa itapokewa na nani?

Kwa Timbwani, jibu la swali la kwanza kwa sasa ni zuri maadamu gridi iko hewani. La pili limo mikononi mwa mwenye kituo na mwenye kupanga bei. La tatu ni rahisi kwa bodaboda na tuktuk, gumu kwa gari linaloshinda uani. La nne bado linahitaji kusimamiwa kwa karibu zaidi.

Swali la tano haliulizwi dukani. Ni lile la mtambo gani utajengwa baadaye, wakati bodaboda, mabasi na viwanda vya Dongo Kundu vitakapohitaji umeme mwingi zaidi kuliko uliopo. Hilo huamuliwa katika mikutano ya umma, katika mahakama na katika mikataba ya kununua umeme, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 20 au 25. Pikipiki itakayonunuliwa leo itakuwa imechakaa zamani kabla ya mkataba huo kwisha, na itakayofuata, na nyingine baada yake, zitachajiwa kwa umeme uleule uliokubaliwa.